Stara na Wimbi Lililowahi Kufika

Stara Jamaldini aliipokea kompyuta kama mke mkubwa anavyompokea mke mdogo: kwa adabu, lakini bila furaha. Ilikuwa Machi 1995. Wanaume wawili waliishusha kutoka kwenye Land Rover ya kituo, wakaiweka mezani pake, na taipureta aliyoitumia miaka kumi na saba ikabebwa kwenda stoo. Alisimama mlangoni akaitazama ikiondoka. Kisha akachukua kitambaa, akaifuta vumbi ile mashine ngeni, kwa sababu Dodoma hata kitu kipya kinafika na vumbi lake.

Alikuwa mpiga chapa wa Kituo cha Miamba, ofisi ndogo ya utafiti pembeni mwa mji. Alizaliwa Barabara ya Tisa, nyumba ya udongo na bati ambayo babu yake, aliyefika na misafara ya wafanyabiashara kutoka magharibi, aliijenga akaamua kuwa amechoka kutembea. Baba yake, Mzee Jamaldini, aliuza vitambaa katika chumba cha mbele hadi miaka ile ya themanini vitambaa vilipoadimika; akafunga duka akabaki na kiti barazani. Stara alimaliza kidato cha nne, akasomea taipu, akaajiriwa. Hakuna aliyemtaka awe zaidi ya hapo, na yeye mwenyewe hakuwa na ugomvi na hilo. Alichojivunia ni kimoja tu: ukurasa wake haukuwa na kosa. Watafiti waliwahi kubishana juu ya miamba, juu ya safari, juu ya gari, lakini hawakuwahi kubishana juu ya ukurasa uliotoka kwa Stara.

Mwaka ule ule alirudi Dokta Eliakimu, Mgogo wa Mvumi, kijana wa miaka thelathini na sita aliyekaa Ulaya miaka mitano akisoma. Alirudi na sanduku la vitabu, bahasha ya disketi na bunda la karatasi lililofungwa kwa kamba. Disketi zilikuwa zimekwaruzika njiani; kompyuta ilizitema moja baada ya nyingine. Karatasi zilikuwa salama.

"Dada Stara," alisema, akiliweka bunda mezani taratibu kama mtu anayeweka mayai. "Hii ni programu. Kurasa arobaini na tatu. Ukikosea nukta moja, kazi yote imekufa."

"Mimi sikosei nukta, Dokta."

Alizipiga kwa wiki tatu. Hazikuwa Kiswahili, hazikuwa Kiingereza cha barua. Zilikuwa mistari mifupi ya herufi na namba iliyoamrisha: chukua hiki, zidisha na kile, ukimaliza rudi juu. Mtu mwingine angezipiga akiwa amefumba akili. Stara alikuwa na tabia ya kutoandika asichokielewa, maana asichokielewa mtu hajui amekikosea wapi. Basi akaanza kuuliza.

"Hii kitu inahesabu nini hasa?"

Eliakimu akavuta kiti. "Umewahi kusikia mabati ya nyumba yakilia asubuhi, jua likipanda?"

"Kila siku ya Mungu."

"Yanalia kwa nini?"

"Yanapata joto, yanatanuka."

"Basi umemaliza. Leza ni mwanga uliokusanywa kwenye doa dogo kuliko ncha ya sindano, ukawaka kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Ukiupiga kwenye kipande cha chuma, pale ulipopiga panatanuka kwa ghafla, na ule mshtuko unaingia ndani kama wimbi. Ni sauti, ila nyembamba mno, hata popo haisikii. Inatoka uso huu inafika uso wa pili. Tunapima imechukua muda gani."

"Na hapa mmeandika mgandamizo. Mnakibana?"

"Tunakibana kati ya almasi mbili, kwa nguvu nyingi sana. Chini kabisa ya dunia kuna chuma kilichobanwa namna hiyo, na hakuna atakayechimba akafika huko. Kwa hiyo tunabana kipande kidogo, tunakipigia sauti. Kitu kikizidi ugumu, sauti inazidi mwendo."

Stara akatazama huku na huku ndani ya chumba: kabati la mafaili, ndoo ya maji, kalenda ya mwaka jana. "Hiyo leza iko wapi?"

Eliakimu akacheka. "Ulaya, kwa profesa wangu. Na almasi ziko huko. Wao wanapima, sisi tunapiga hesabu ya wimbi: kwa mgandamizo huu lingetakiwa lifike lini. Vipimo na hesabu vikilingana, tumekielewa chuma. Visipolingana, kuna jambo ndani yake hatulijui. Mtu hahitaji leza kupiga hesabu. Anahitaji kompyuta na subira."

Subira ndiyo iliyohitajika zaidi. Programu ilikikata kile kipande cha chuma, kwa mawazo tu, katika vijipande maelfu, ikakiuliza kila kimoja jirani yake amekisukuma kiasi gani, ikasogeza saa mbele kidogo sana, ikauliza tena. Hesabu ya mgandamizo mmoja ilikula saa saba. Na ilikuwa miaka ya mgao wa umeme. Mara ya kwanza umeme ulikatika saa ya sita, na kila kitu kikapotea. Mara ya pili saa ya tano. Mara ya tatu Eliakimu alitoka nje akasimama juani, mikono kiunoni.

Alipoingia, Stara alikuwa na swali.

"Dokta, nikipiga barua ya kurasa kumi nikakatizwa ukurasa wa saba, sianzi tena ukurasa wa kwanza. Hii kwa nini inaanza upya?"

"Kwa sababu haikumbuki ilipofika."

"Basi tuiambie iandike ilipofika. Kila robo saa, kwenye disketi. Ikizimika, inasoma pale inaendelea."

Eliakimu alimtazama. Kisha akakaa chini, na wawili hao wakaongeza mistari kumi na miwili. Kuanzia siku hiyo umeme ulikatika ulivyotaka. Stara alikuwa akifika kazini mapema kabla ya wengine, anawasha mashine, anatia disketi, wimbi linaendelea kutoka lilipoachwa jana. Aliweka daftari la kila hesabu: tarehe, mgandamizo, muda wa kufika. Kufikia mwisho wa mwaka, Eliakimu alikuwa hahitaji tena kukaa karibu. Aliacha tu karatasi yenye namba, na Stara akaendesha.

Vipimo kutoka Ulaya vilikuja kwa faksi mwanzoni mwa 1996. Stara akavipanga kando ya hesabu zao. Kwenye mgandamizo mdogo vilikaa sawa kama meno ya kitana. Mgandamizo ulipozidi, vikaanza kuachana. Kule Ulaya wimbi lilikuwa likifika mapema kuliko programu ilivyosema. Mapema kidogo, halafu mapema zaidi.

Eliakimu alipoona, alishika kichwa kwa furaha. "Unaona hii? Chuma kinageuka ndani! Kinapanga upya chembe zake, kinakuwa kigumu kuliko tulivyodhani. Hili halijaandikwa popote."

Akaandika muhtasari wa kwenda kusoma kwenye mkutano wa wataalamu mwezi wa tisa. Stara akaupiga, bila kosa, wakautuma kwa faksi. Profesa akajibu kwa mstari mmoja wa pongezi. Wiki ile Eliakimu aliwaletea ofisi nzima kikapu cha zabibu za Makutupora, akawa anaimba kwaya ya kanisani kwao akitembea kwenye korido.

Stara alikula zabibu kama wengine. Lakini daftari lake lilikuwa likimsumbua, na hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba kitu kinachogeuka hugeuka mahali fulani: maji yanachemka kwenye moto fulani, hayachemki kidogo kidogo tangu yakiwa baridi. Tofauti iliyokuwa kwenye daftari haikuwa na mahali. Ilikua polepole, hatua kwa hatua, tangu mwanzo.

Jumapili moja alimpelekea mumewe chakula Kizota. Hanifu alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye kibanda chake kati ya vibanda, na siku hiyo alikuwa amefungua kompresa ya mtu iliyokuwa ikivujisha upepo. Mikono yake ilikuwa myeusi. Stara akakaa kwenye tairi kuukuu, akasubiri anawe.

"Tatizo lake nini?"

"Gasketi." Hanifu akampa pete kuukuu ya shaba inayozibia maungio, kisha nyingine. "Na hii ndiyo mpya."

Stara akazishika zote mbili. Ile ya zamani ilikuwa nyembamba, imelalia upande, pana kidogo kuliko mwenzake.

"Hizi ni aina moja?"

"Duka moja, aina moja, unene mmoja. Hiyo imekazwa, mama Khairat. Kitu ukikibana kinapungua unene, hakina pa kwenda ila pembeni. Ndiyo maana ukiifungua huirudishi."

Stara aliendelea kuishika ile pete. Hanifu alikuwa ameshamaliza kunawa, ameshafunua bakuli la wali, naye bado ameishika.

"Baba Khairat, hii naiazima."

"Ya zamani? Chukua tu. Unaipeleka wapi?"

"Kazini."

Jumatatu alifika mapema kama kawaida, lakini hakuwasha hesabu. Alifungua lile bunda la karatasi, akasoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Unene wa kipande ulitajwa ukurasa wa pili. Mgandamizo ulipopanda, programu ilibadilisha ugumu, ikabadilisha msongamano wa chembe, ikabadilisha mwendo wa sauti. Alifika ukurasa wa arobaini na tatu. Unene haukuguswa tena. Akasoma mara ya pili, maana huenda yeye ndiye aliyeuruka. Hakuwa ameuruka.

Eliakimu alipoingia, Stara aliweka zile karatasi mbele yake, na pete ya shaba juu yake.

"Dokta, kipande kikibanwa, unene wake unabaki ule ule?"

"Unapungua kidogo sana. Nusu asilimia, asilimia moja."

"Humu haupungui hata huo. Na hii," akagusa pete, "imepungua karibu robo, na ni spana tu iliyoikaza. Kama kipande kimekuwa chembamba, wimbi lina safari fupi. Litafika mapema hata kama chuma hakijageuka chochote."

Uso wa Eliakimu ulibadilika. "Dada Stara. Hii programu imeandikwa na profesa mwenyewe. Inatumika miaka minane. Watu wamepata shahada kwa hii."

"Mimi sijasema profesa hajui. Nimesema unene haujabadilika."

"Wewe kazi yako..." Akaishia hapo. Akachukua karatasi zake akaenda chumbani kwake na kufunga mlango.

Stara alirudi mezani. Aliipiga barua ya dizeli ya gari, akaipiga barua ya likizo ya mlinzi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akakosea herufi.

Siku mbili Eliakimu alipita mlangoni akisalimia kwa kichwa. Siku ya tatu alikuja na karatasi. Hakukaa. "Weka unene upungue hivi," alisema. "Asilimia hizi, kwa kila mgandamizo. Nimekadiria. Tuone."

Hesabu zilichukua wiki moja na nusu. Stara hakumwambia mtu chochote, hata Hanifu. Matokeo ya mwisho yalipotoka, aliyaandika kwenye daftari kando ya vipimo vya Ulaya, akampelekea. Hapakuwa na haja ya maelezo. Namba zilikuwa zimekaa bega kwa bega kutoka juu hadi chini.

Eliakimu alizifuata kwa kidole, moja baada ya nyingine. "Kwa hiyo hakijageuka," alisema.

"Hakijageuka, Dokta."

"Ningesimama mbele ya watu mia mbili nikawaambia kimegeuka." Akasugua macho. "Mama yangu nimeshamwambia naenda. Kanisani wameshaniombea."

Stara aliinuka. Alimletea chai.

Faksi ya kwenda kwa profesa aliipiga yeye. Majibu yalichukua siku tisa. Kule walikuwa wametunza vipande vyote vilivyowahi kubanwa, kila kimoja kwenye kichupa chake, na hakuna aliyewahi kufikiri kuvipima upya baada ya kutolewa. Walivipima. Vilikuwa vyembamba, vingine zaidi ya Eliakimu alivyokadiria. Profesa aliandika kwa ufupi kwamba kosa ni lake, muhtasari uondolewe, na kwamba angependa kumjua aliyeligundua. Eliakimu akajibu na kuandika jina lote. Mkutano wa mwezi wa tisa ulipita bila yeye. Wiki kadhaa hakugusa kalamu, kama mtu aliyetoka msibani, kisha akaanza kuandika upya, safari hii juu ya kosa lenyewe na namna ya kulirekebisha. Kila jioni alimpa Stara ukurasa aupige, na kila asubuhi Stara alimrudishia ukiwa na swali pembeni kwa penseli.

Makala hiyo ilikuwa bado kwa wahariri wa jarida Juni 1997, Stara alipoitwa kwa afisa utumishi.

Mama Dorkasi alikuwa mtu mzima anayekaribia kustaafu, na hakupenda kazi aliyopewa mwaka huo. Ofisi zote za umma zilikuwa zikipunguza watu. Majina yalikuwa mezani pake, yamepigwa chapa. Na orodha ya kwanza, ya vyeo na idadi tu, aliipiga Stara mwenyewe, wiki mbili kabla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Mama Dorkasi akavua miwani. "Wapiga chapa wote. Wanasema kila mtaalamu sasa ana kompyuta, atajipigia mwenyewe."

"Mimi si..." Stara akatafuta neno. "Mimi siku hizi nahesabu mawimbi, mama."

"Najua. Dokta Eliakimu ameandika barua tatu. Nimezipeleka zote. Anataka uitwe fundi sanifu." Akafungua jalada, akalifunga. "Fundi sanifu anatakiwa awe na stashahada. Wewe una kidato cha nne na cheti cha taipu. Muundo wa utumishi hauna mpiga chapa anayehesabu mawimbi. Nimetafuta, mwanangu. Hakuna."

Stara alisaini. Hakulia ofisini, wala alipoagana na wenzake, wala Eliakimu alipomshika mkono kumuaga. Alipita sokoni kununua nyanya, na mama muuza nyanya akasema, "Leo umewahi kutoka kazini." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, katikati ya soko, saa sita mchana, huku yule mama akimfutia uso kwa pindo la kanga yake na kuwafukuza watu wasitazame.

Alikaa nyumbani mwezi mmoja. Hanifu hakumsukuma. Mwezi wa pili Mzee Jamaldini alimwita, akamwonyesha kile chumba cha mbele kilichokuwa kimejaa magunia. "Mimi nilifunga kwa sababu hapakuwa na bidhaa," alisema. "Siku hizi bidhaa zimejaa mpaka barabarani, miguu ndiyo sina. Wewe unayo."

Stara alitoa magunia, akapaka chokaa, akaleta kompyuta iliyotumika kutoka Dar es Salaam pamoja na mashine ya fotokopi. Alipiga barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja, katiba za vikundi vya akina mama, kadi za harusi. Wasichana waliomaliza shule wakaanza kuomba awafundishe kompyuta. Akawafundisha wawili wawili, kwa ukali, maana hakuvumilia kosa la nukta.

Mwezi wa kumi Eliakimu alisimama mlangoni, disketi mkononi.

"Imegoma," alisema. "Wameniajiria kijana mwenye digrii. Anaijua kompyuta, haijui programu. Kila nikitaka hesabu inaniletea namba za ajabu."

"Karibu ukae, Dokta. Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

"Umebadilisha," alisema Stara akiitia disketi, na ndani ya saa moja akauona mstari ambao kijana alikuwa ameufuta akidhani hauna kazi. Tangu hapo kituo kilimpa hesabu kwa mkataba. Zilizunguka kwenye mashine yake nyuma ya duka huku mbele akichapa kadi za watu.

Makala ile ilitoka mwaka 1998. Eliakimu alileta nakala ya jarida, akalifungua ukurasa wenyewe kwenye baraza. Majina yalikuwa matatu, na la pili lilikuwa S. Jamaldini. Mzee alivaa miwani akalisoma, akarudia.

"Jina langu limefikaje huko?"

"Ni langu, baba. Ni mimi."

"Wewe ni S. Hii Jamaldini ni mimi." Na alibaki na msimamo huo. Alilionyesha jarida kwa kila aliyepita kwenda msikitini wiki nzima, na walipomuuliza limeandika nini, alijibu kwamba ni habari za chuma kinachobanwa, na kwamba watu walikosea, wakasahihishwa.

Mwaka 2000 kituo kilipata mtafiti mpya, Yudith, binti wa miaka ishirini na sita aliyetoka chuo kikuu. Eliakimu alimtuma Barabara ya Tisa na matokeo yake ya kwanza ya metali nyingine. Alikuja ameukumbatia mkoba kifuani, akaamkia, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hesabu yake ilikuwa inaonyesha wimbi likipungua mwendo ghafla kwenye mgandamizo mmoja, kisha likiongeza tena.

"Dokta amesema nikuletee wewe kwanza, mama. Amesema utafute nilipokosea."

Stara aliwaomba wateja wasubiri. Alisoma unene, ulikuwa unabadilika kama unavyotakiwa. Alisoma ugumu, joto, ukubwa wa vijipande, hatua za saa. Alimwagiza Yudith arudie hesabu kwa vijipande vidogo zaidi, na wiki iliyofuata binti akarudi: ule mporomoko ulikuwa pale pale, mahali pale pale. Stara akasoma programu nzima tangu mwanzo, alasiri mbili mfululizo, Yudith akiwa kando yake.

"Sijaona kosa," alisema mwishoni.

"Hakuna kabisa?"

"Nimetafuta. Sijaliona. Na hiki kina mahali kinapogeukia. Waambie kule Ulaya wakipime."

Yudith alikusanya karatasi zake, zikamwanguka, akazikusanya tena. Alipotoka alikuwa karibu kukimbia. Stara akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja tangu saa tisa, bwana mmoja mwenye kadi za harusi ya mwanawe, akamwomba radhi, akamuuliza kama jina la bibi harusi linaandikwa kwa H au bila H.